Pipa la Pili

Lewisham, London
15 Septemba 2024

Dada Aikaeli,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimetoka shifti ya asubuhi, miguu imevimba lakini mwili ni mzima. Hapo Ngarenairobi mnaendeleaje? Mahindi mmeshavuna? Darasa lako la tatu bado lina watoto tisini?

Umesema tuandikiane kwa karatasi, kwa sababu Nsia akisikia sauti yangu kwenye simu anatoka nje. Sawa. Barua inachukua wiki tatu au nne, lakini angalau haimtoi mtoto ndani ya nyumba. Mwambie namsalimu. Kama hataki kuambiwa, usimwambie.

Huku hospitali bado nasukuma vitanda vya wagonjwa, kutoka wodini kwenda chumba cha picha, na kurudi. Siku yangu ni Jumamosi. Mwisho kabisa wa njia ya basi, nyuma ya reli, kuna mama anaitwa Surjit mwenye farasi sita. Ni Mhindi aliyekulia Kanada kwenye mashamba ya ng'ombe. Anafundisha watoto wa mjini kupanda. Nilipita pale kwa bahati tu, nikaona farasi anachechemea, nikaomba nimtazame. Nilipoinua ukwato wake, Surjit aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia baba yetu alitunza farasi wa shamba miaka thelathini, na sisi tulikulia miguuni mwao. Tangu siku hiyo mimi ni kochi. Usicheke.

Mchezo wenyewe ni mbio za mapipa. Mapipa matatu ya mafuta, matupu, yanapangwa pembetatu. Mpandaji anaingia mbio, analizunguka la kwanza, la pili, la tatu, kisha anarudi alikotoka kama anakimbizwa. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Ukiangusha pipa unaongezewa sekunde tano.

Nimepewa mtoto mmoja, Armelle. Mama yake ni wa Bukavu, Kongo, wanaishi Thornton Heath. Kiswahili anakisikia, ila ukimsemesha anajibu Kiingereza. Ana miaka kumi na mitatu, dada. Unajua kwa nini nimetaja miaka.

Mdogo wako,
Elkana


Ngarenairobi, Siha
20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Elkana,

Marahaba. Barua yako imefika Alhamisi, bahasha imelowa pembeni lakini maneno yamesalimika. Sisi ni wazima. Mahindi tumevuna, si mengi, tembo walitutangulia upande wa juu. Darasani sasa ni tisini na wanne. Kanisani wamebadilisha paa, na mvua ikinyesha mchungaji anahubiri peke yake, hakuna anayemsikia.

Nimecheka, ndiyo. Wewe kochi! Wewe uliyeangushwa na punda mbele ya kipaimara kizima.

Nsia hajambo. Yuko kidato cha kwanza. Amerefuka hadi sketi ya shule imeshushwa pindo mara mbili mwaka huu. Ana sauti ya mama yake, hasa akikasirika. Salamu zako nilimpa. Alikuwa anachagua maharage. Aliendelea kuchagua.

Huyo Armelle unamfundishaje? Kama huwezi kuzungumza naye lugha moja, mnaelewanaje? Nauliza tu. Andika kwa urefu, jioni huku hakuna cha kusoma.

Usisahau kuvaa vizuri, naambiwa baridi ya huko inaanza mwezi huu.

Dada yako,
Aikaeli


Lewisham
17 Novemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Baridi imefika kweli. Saa kumi jioni giza limeshaingia, na sokoni wauza matunda wanafunga wakiwa wamevaa kofia mbili mbili. Nimepata kikohozi, kimepita. Ahsante kwa habari za sketi. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi kuliko inavyostahili.

Umeuliza tunaelewanaje na Armelle. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, na farasi anasikia wote wawili. Farasi wake ni mfupi, mwekundu, jina lake Biskuti. Wiki ya kwanza sikumruhusu hata kukimbia. Nilimwambia, "Mzungushe pipa kwa hatua." Akanuna. "Coach, this is boring," yaani inachosha. Nikamwambia, "Sawa, ikuchoshe. Biskuti lazima aijue njia kabla hajaikimbia."

Jambo la kwanza ni nafasi. Usimpeleke farasi moja kwa moja kwenye pipa. Unamwachia upana wa kama hatua mbili pembeni, ili akigeuka, tumbo lake lisiguse. La pili ni kiti: kabla ya pipa unakaa chini kabisa kwenye tandiko, unatoa pumzi, naye anajua anatakiwa kupunguza. Huvuti hatamu. Ukivuta anainua kichwa na anapotea. La tatu ni mguu wa nje, unambana kidogo tu ili makalio yasitupwe.

Baba alikuwa anafanya hivi hivi bila mapipa, unakumbuka? Alikuwa anawazungusha kwenye visiki.

Mama Armelle huja kumchukua saa nane na chakula ndani ya bakuli. "Asante mingi, kochi," ananiambia, "huyu mtoto nyumbani hasikiaka mtu." Halafu wanaondoka, mama na mtoto, wanagombana mpaka kituo cha basi. Nami nasimama getini nawasikiliza mpaka sauti ziishe.

Elkana


Ngarenairobi
5 Januari 2025

Elkana,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikula pilau na mbuzi wa kwa jirani, nikaimba kwaya kwa sauti iliyokwaruza. Unahitajika huku upande wa besi, waliobaki ni wawili na mmoja analala.

Nina maswali. Gaudensia, yule mama anayetunza farasi pale shambani siku hizi, anapenda sana habari za mapipa yako. Nilimsimulia kidogo. Sasa anauliza:

Pipa na pipa yaachane hatua ngapi? Unaanza na la kulia au la kushoto? Farasi anapunguza mwendo wapi hasa, sentensi yako haisemi. Na mkono mmoja unashika wapi wakati wa kugeuka? Na farasi jike wa miaka tisa amezeeka kwa kazi hii, au bado?

Ni maswali yake. Mimi farasi siwezi hata kuwapita karibu, unanijua tangu siku ile niliyopigwa teke.

Nsia hajambo. Amekuwa wa nne darasani. Hapendi kukaa ndani siku hizi, Jumamosi anatoka asubuhi na kurudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Ni umri.

Jibu maswali yote. Usiruke hata moja.

Aikaeli


Lewisham
2 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Mwambie Gaudensia kuwa nimefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye mambo haya. Kwa kuanzia, kati ya la kwanza na la pili hatua thelathini zinatosha, na la tatu liwe mbali zaidi, mbele. Wengi wanaanza la kulia. Anapunguza pale pua ya farasi inapokaribia kulifikia pipa, si kabla. Mkono wa ndani unaongoza, wa nje unashika pembe ya mbele ya tandiko. Kama tandiko halina pembe, ashike manyoya ya shingo. Na miaka tisa si uzee hata kidogo.

Sasa nikupe raha yangu. Jumamosi iliyopita Armelle amekimbia mzima mzima! Alipotoka pipa la kwanza nikaona anaogopa, anamzuia Biskuti. Nikapiga kelele, "Usimshike! Mwachie! Mwachie aende!" Akamwachia. Dada, walilizunguka pipa la pili kama maji yanavyolizunguka jiwe. Surjit alitupa kofia yake chini. Armelle alishuka, akanikumbatia, kisha akaona aibu akanisukuma. Mwezi wa nane kuna mashindano huko kaunti ya Kent, na Surjit anasema tuna nafasi ya kushinda.

Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Na pia kwa sababu nyingine, ambayo unaijua na sitaiandika.

Elkana


Lewisham
23 Machi 2025

Dada Aikaeli,

Shikamoo. Wiki saba sina barua. Nimepiga simu mara nne, ukanijibu ujumbe mmoja tu: "Tu wazima. Barua inakuja." Wewe huandiki hivyo. Wewe hata ukiomba chumvi unaanza na habari za kwaya.

Kama ni Nsia, niambie. Kama nimeandika neno baya, niambie. Nasukuma vitanda huku najiuliza ni nani amelala kwenye kitanda huko.

Elkana


Ngarenairobi
30 Machi 2025

Mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Nsia ni mzima, anakula, anagombana na mimi. Naanza na hilo ili usome yaliyobaki.

Tarehe nane alianguka kutoka kwenye farasi. Amevunjika mtulinga wa kushoto na amechubuka uso. Kichwa kiko salama. Daktari wa wilaya amesema mfupa utaunga wenyewe kwa wiki sita. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Maswali hayakuwa ya Gaudensia. Yalikuwa ya Nsia.

Barua zako nilikuwa naziweka kwenye kabati, kati ya vitenge. Mwezi wa kumi na mbili alinijia na ile ya pili mkononi. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Aliyeandika hapa hajasema farasi anapunguza mwendo wapi." Nilishtuka. Kumbe tangu Oktoba alikuwa anakwenda kwa Gaudensia kila Jumamosi, anafagia banda, na kwa malipo anaruhusiwa kumpanda Zabibu, farasi jike mweusi. Walikuwa wameshaviringisha mapipa matatu mpaka uwanda wa chini.

Ana daftari. Amenakili kila ulichomfundisha Armelle, neno kwa neno, kwa mwandiko safi. Nafasi, kiti, mguu wa nje. Salamu zako hakunakili hata moja.

Mimi niliogopa, lakini sikumkataza. Ilikuwa mara ya kwanza naona anashika kitu kilichotoka kwako. Nikadanganya, nikakuandikia kwa jina la Gaudensia.

Ile barua ya Februari aliisoma amesimama. "Mwachie aende." Jumamosi ya pili yake akamwachia Zabibu. Ardhi ilikuwa kavu, imekaza kama saruji, mvua hazijafika. Gaudensia anasema kwenye pipa la pili Zabibu aliteleza miguu ya nyuma, Nsia akaliangukia pipa lenyewe.

Nilipofika alikuwa amekaa chini, mkono ameushika, halii. Alinitazama akasema, "Nilifanya kama alivyosema."

Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kuandika.

Aikaeli


Lewisham
20 Aprili 2025, Pasaka

Dada yangu,

Nimesoma barua yako kwenye ngazi za hospitali, na msimamizi akanirudisha nyumbani.

Umpe Nsia ukurasa huu, tafadhali. Safari hii nakuomba umpe mwenyewe.

Nsia, uliyosoma yalikuwa nusu. Niliandika ile barua kwa kujisifu, na mtu anayejisifu huacha kazi yote nje, anabakiza shangwe. Sikuandika kwamba kabla ya siku ile Armelle alitembea njia ile kwa wiki kumi na mbili. Sikuandika kwamba uwanja wetu ni mchanga, na mimi naulainisha kwa reki kila asubuhi. Wala sikuandika kwamba mimi nasimama upande wa pili wa pipa, na namwambia, "Nitazame mimi, usilitazame pipa." Farasi huenda macho ya mpandaji yanakokwenda. Wewe hukuwa na mtu wa kumtazama. Kosa si lako, na si la Zabibu. Ni langu.

Na kuna kosa lingine, dada, hili nimewakosea nyote wawili.

Mke wangu Gladness alipofariki niliwaambia kwamba karatasi zangu za ukaazi hazijatoka, na nikitoka Uingereza sitaruhusiwa kurudi. Zilikuwa zimetoka. Zilifika Alhamisi, siku tisa kabla ya maziko. Nilizishika mkononi. Nilizitia kwenye droo, nikakupigia simu nikasema bado.

Mara ya mwisho nilipoongea na Gladness alisema, "Njoo, figo hizi hazinisubiri." Nikamwambia, mwezi ujao. Aliposhindwa kuungoja huo mwezi ujao, niliogopa kusimama mbele ya wazazi wake. Niliogopa zaidi mtoto wa miaka saba anitazame na aulize nilikuwa wapi. Nikaona heri nisionekane kabisa. Halafu kila mwaka uliopita ukaifanya ile droo kuwa nzito zaidi.

Sina utetezi. Kila Jumamosi namwambia mtoto wa watu anitazame mimi.

Elkana


Ngarenairobi
25 Mei 2025

Elkana,

Sikuweza kukujibu mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Mimi nilisimama kaburini kwa Gladness. Mama yake aliniuliza mbele ya watu, "Mume yuko wapi?" Nikajibu, "Karatasi zimemzuia." Nimelisema hilo kwa miaka saba, sokoni, kanisani, kwa wakwe, nikikutetea kwa sauti. Umenifanya shahidi wa uongo bila kunijulisha. Siku nitakayokuona nitakuambia maneno haya tena uso kwa uso, ujiandae.

Ukurasa wa Nsia nilimpa, na pia nikamsomea uliobaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua." Nikamuuliza alijuaje. Akasema, "Mtu aliyezuiwa hutuma picha za karatasi. Yeye hakutuma kitu." Akaenda kulisha kuku.

Sasa na mimi nina langu. Si kweli kwamba siku zote alikuwa anatoka nje ukipiga simu. Mwanzo alitoka. Alipofika miaka tisa, mara mbili aliniomba tukupigie. Nikamwambia saa za huko ni tofauti, utakuwa kazini. Sina mtoto mwingine, Elkana. Niliona ukimwita London ataondoka, nami nitabaki na kuta. Ndiyo maana nikataka barua, kwa sababu barua ningeweza kuzificha kwenye vitenge. Nimemwambia na yeye. Siku ya tatu akaniambia adhabu yangu ni kumchemshia maji ya kuoga kila siku.

Mfupa umeunga. Mvua zimeshuka, uwanda umelainika. Jumamosi iliyopita alimrudia Zabibu, kwa hatua tu. Mimi nilisimama upande wa pili wa pipa nimevaa gauni la kanisani, napiga kelele "Nitazame mimi!" huku nimefumba macho yangu mwenyewe.

Njoo. Tumechoka kusoma mwandiko wako.

Aikaeli


Lewisham
15 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Hasira yako ni halali, nimeipokea yote.

Nimepata likizo. Nitatua Kilimanjaro tarehe mbili Agosti, nitakaa wiki nne. Mashindano ya Kent ni tarehe tisa mwezi huo huo, kwa hiyo sitakuwepo.

Nilidhani nitamwachia Surjit amwambie Armelle. Nilishafika mpaka mlangoni kumwomba hivyo. Kisha nikaona nafanya yale yale. Nikamngoja mtoto amalize kumsugua Biskuti, nikamwambia mwenyewe kwa Kiingereza changu, pole pole. Kwamba nina binti wa umri wake. Kwamba sijamwona tangu akiwa na miaka mitano. Alilia, akatupa brashi, akaniita mwongo, akasema nilimwahidi kwamba Kent nitakuwepo. Ni kweli nilimwahidi. Nilisimama pale pale mpaka akamaliza. Mwisho akaokota brashi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanijibu Kiswahili, kile cha mama yake: "Basi uende. Lakini urudiake."

Mwambie Nsia siji kumchukua. Nakuja kuonekana. Atakalotaka kuniambia nitalisikia nikiwa nimesimama.

Elkana


Ngarenairobi
6 Julai 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii naituma haraka, huenda ikakuwahi kabla hujapanda ndege. Sote wazima. Chumba cha mbele nimekipaka chokaa, na kwaya imeshaarifiwa juu ya besi.

Nikueleze mambo yalivyo, usije na matumaini ya filamu. Nsia amesema hatakuja uwanja wa ndege. Amesema pia hatakupa shikamoo mbele ya watu ili wapige makofi. Kaburini kwa mama yake utakwenda na mimi, si na yeye, mpaka atakapoamua. Haya yote ameyasema kwa utulivu, kama mtu mzima anayesoma masharti, na mimi nimemkubalia.

Siku zikawa zinakwenda hivyo, jina lako halitajwi. Jana jioni alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Nikamsikia anauliza, "Shangazi, baba asubuhi anakula nini?"

Elkana, hilo neno sijalisikia mdomoni mwake tangu maziko. Nilifungua kinywa nimjibu. Nikaanza kusema uji wa ndizi, halafu nikakumbuka huo ulikuwa uji wako ulipokuwa na miaka kumi. Nikafikiria chai, nikashindwa kujua kama bado unatia sukari. Miaka tisa umeamka asubuhi zote hizo, na mimi dada yako sijui hata moja ilianzaje. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Akasuuza sahani, akaisimamisha ikauke. "Basi muulize."

Nakuuliza.

Dada yako,
Aikaeli